Niliendesha gari la mashindano, nikafundishwa kusimama



Tangu nirudi kutoka Nairobi, wenzangu wa redio hawaniachi. Kila asubuhi wananiuliza: "Ni kweli uliendesha gari la mashindano?" Ndiyo, ni kweli. Niliendesha Datsun iliyozaliwa kabla yangu, siku ya yenga nzima, katika uwanja wa vumbi. Walinisihi niandike, nikaona aibu. Watu wanatafuta unga, halafu mimi nalete habari za kuchezea magari? Lakini siku ile ilinirudisha kwenye jambo ambalo nimelificha tangu mwaka 2021, na jambo hilo lilitokea hapa kwetu, barabara ya Sake.

Nilikuwa nimeenda Nairobi kwa mafunzo ya wiki mbili ya waandishi wa redio. Kule anaishi fundi mmoja wa magari tuliyekaa naye mtaa mmoja hapa Goma. Ananizidi miaka kama kumi, na tangu utoto namwita yaya. Alikimbia miaka mingi iliyopita na familia yake na mfuko mmoja wa vyombo vya kazi. Ameniomba nisitaje jina lake, namheshimu. Leo ni mkimbizi mwenye karatasi zake, na mikono ile ile iliyokuwa ikitengeneza Fuso zetu za makabichi sasa inatengeneza magari ya zamani ya mashindano.

Jumamosi alinipigia simu. "Dogo wangu, kesho usiende kutembea mjini. Kuja uone kazi yangu."

Nieleze kidogo kwa wasiojua. Siku kama ile siyo mashindano. Uwanja unakodishwa kwa siku moja, wenye magari wanalipa, kisha kila kundi linapewa dakika zake za kuzunguka. Hakuna anayehesabu saa, hakuna kombe. Unaruhusiwa kumpita mwenzako mahali palipopangwa tu. Pembeni wamesimama watu wenye bendera, na nyekundu ikionekana, wote wanapunguza mwendo na kurudi polepole. Watu wanakuja kwa sababu gari la mashindano likikaa garajini linaoza, na pia kwa sababu wanalipenda.

Niliona Ford Escort, niliona Porsche 911 moja, niliona Peugeot 504, ile ile ambayo wazee wetu wanaikumbuka. Magari ya namna hiyo ndiyo yaliyojenga jina la Safari Rally. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, na wakati huo yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Yalikuwa ya kilometa elfu kadhaa, mchana na usiku, wakati wa Pasaka ambapo mvua ni nyingi, katika barabara ambazo hazikufungwa. Shoferi aliweza kukata kona na kukuta ng'ombe, au basi limekwama kwenye matope. Sisi wa Masisi na Walikale barabara za namna hiyo tunazijua bila kushindana na mtu.

Gari la yaya lilikuwa Datsun 1600 SSS, aina ileile iliyoshinda Safari mwaka 1970 ikiendeshwa na Edgar Herrmann. Ni gari dogo, moteri ya silinda 4 yenye karbirateri mbili, vitesi vinne, nguvu iko kwenye mipira ya nyuma. Ndani wametoa viti vyote vya abiria, wameacha viwili vya mbele na mabomba ya chuma ya kuwalinda watu gari likipinduka. Volani ni nzito, hakuna mashine ya kuusaidia mkono. Freni nazo zinataka mguu wenye nguvu. Kunanuka esansi mpaka kwenye nguo.

Mwenye gari alikuwa mzee mpole. Aliniangalia, akamwangalia fundi wake, akasema, "Kama wewe unamwamini, mpe." Wakanivalisha kaske.

Mzunguko wa kwanza yaya aliendesha, mimi nikiwa pembeni nimeshika mkanda kwa mikono yote miwili. Mzunguko wa pili tukabadilishana. Ndugu zangu, niliona raha! Sauti ya moteri ile inapanda mpaka kifuani. Kwenye mstari mrefu nilikanyaga mpaka mwisho. Kona ikaja. Nikaogopa, lakini sikugusa freni. Niliondoa tu mguu kwenye esansi, nikazungusha volani, na ule mkia wa nyuma ukatutoka. Tulizunguka kama kifuniko cha sufuria kilichoanguka sakafuni, tukaishia kwenye majani, tunaangalia tulikotoka.

Vumbi lilipotulia yaya hakupiga kelele. Aliniuliza tu: "Nani alikufundisha kuogopa freni?"

Nilicheka, nikasema hakuna. Lakini nilijua siku yenyewe na mahali penyewe.

Mnakumbuka Nyiragongo ilipolipuka usiku wa tarehe 22 mwezi wa tano 2021. Moto ulisimama mlangoni mwa mji, halafu ardhi ikatetemeka siku kwa siku. Tarehe 27 serikali ilitangaza kwamba sehemu kubwa ya mji iondoke, kwa hofu ya mlipuko mwingine, hata chini ya ziwa. Wengine walienda Rwanda, wengine kwa mashua hadi Bukavu, na wengi tulishika barabara ya Sake. Mimi niliendesha Toyota ya zamani ya baba mdogo. Tulikuwa watu wanane ndani, na begi langu la vyombo vya redio lilichukua nafasi ya mtu wa tisa. Baba mdogo alikuwa amenionya: gari hili likisimama linaweza kukataa kuwaka. Basi nikajiwekea sheria moja kichwani: usisimame.

Pale Mugunga foleni iliachia kidogo. Kando ya barabara alikuwa mama, mtoto mgongoni, bido ya njano mkononi, na msichana wa miaka kama minane amebeba godoro kichwani. Mama aliinua mkono. Halafu akanitambua. Aliita jina ninalotumia redioni, na akalisema kwa furaha, kama mtu aliyekutana na ndugu yake. Nilimtazama machoni. Nilipita.

Kufika Mubambiro, foleni ilisimama kabisa na moteri ikazima. Nilizungusha ufunguo. Gari liliwaka mara moja.

Hilo ndilo sikuwahi kumwambia mtu. Redioni nilizungumza juu ya siku ile mara nyingi: juu ya watoto waliopotea, juu ya maji yaliyokosekana Sake, juu ya wenyeji waliofungua nyumba zao. Yote yalikuwa kweli. Sikusema kwamba nilikuwa na nafasi moja, nikaipa begi.

Nilimweleza yaya pale pale kwenye majani, kaske ikiwa bado kichwani. Hakusema maneno mengi ya kunituliza. Alitoka, akachukua mipira miwili mibovu, akaiweka mbali kidogo kwenye mstari ulionyooka, nje ya njia ya wengine. Akasema, "Leo hautazunguka tena. Utajifunza kusimama katikati ya hizi mbili."

Na ndivyo tulivyofanya. Nakanyaga esansi, vitesi vya pili, vya tatu, kisha nasimama. Mara ya kwanza nilipita mbali. Mara ya pili nilibana freni ghafula, mipira ya mbele ikafunga, gari likateleza juu ya vumbi kama sabuni. Akanieleza. Gari likipunguza mwendo, uzito wake unakuja mbele. Ukifunga freni kabla uzito haujafika mbele, mipira haina cha kushika. Basi anza kwa mguu wa taratibu, uzito ukija, kandamiza kwa nguvu, tena gari likiwa limenyooka. Ukishapunguza, achia, ndipo ukate kona. Anayengoja mpaka awe ndani ya kona ndipo akumbuke freni, huyo mkia unampita.

"Watu wanafikiri gari la mashindano ni esansi," aliniambia. "Esansi hata mtoto anakanyaga. Mtu akijua kwamba anaweza kusimama, ndipo anaweza kukimbia."

Tulirudia labda mara ishirini. Magari mengine yanazunguka yakinguruma, mimi nakimbia mita chache na kusimama, nakimbia na kusimama. Watu walicheka, nami nilicheka. Mwishoni nilisimama katikati ya ile mipira miwili, na moteri haikuzima.

Freni zilikuwa zinanuka moto. Yaya alinikataza kuvuta freni ya mkono, kwa sababu zikiwa na joto hilo zinaweza kung'ang'ania. Akaokota jiwe, akaliweka nyuma ya mpira. Nilikumbuka vijana wetu wa Fuso, wale wanaoruka na kipande cha mti kila gari likishindwa mlima. Tukakaa chini kungojea zipoe.

Hapo ndipo aliponipa habari ya Shekhar Mehta. Alizaliwa Uganda, katika familia kubwa ya Wahindi. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia, na yeye akahamia Kenya. Mwaka uliofuata, 1973, alishinda Safari kwa Datsun 240Z. Lakini sikilizeni alivyoshinda. Yeye na Harry Källström wa Sweden walimaliza wakiwa na adhabu sawasawa. Ikabidi waangalie nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza. Alikuwa Mehta. Baadaye alishinda tena mara nne mfululizo, tangu 1979 hadi 1982.

"Huyo naye alifukuzwa kwao," yaya alisema, akipangusa mikono. "Mali ilibaki. Kazi ya mikono alikuja nayo." Kisha akanyamaza, nami nilijua haongei juu ya Mehta peke yake.

Kabla hatujaondoka nilimuuliza kama, kwa maoni yake, yule mama wa Mugunga alifika. Alijibu: "Sijui, na wewe haujui. Wewe una redio. Mbona unaniuliza mimi?"

Ndiyo maana naandika. Miaka yote hii nimesoma matangazo ya watu wanaotafuta watu wao. Leo nasoma langu.

Mama uliyekuwa Mugunga asubuhi ya tarehe 27 mwezi wa tano 2021, mtoto mgongoni, bido ya njano mkononi, pamoja na msichana aliyebeba godoro: uliniita kwa jina langu la redioni na mimi sikusimama. Nafasi ilikuwepo. Nakuomba radhi. Kama unasikia haya, au kama kuna mtu anakusomea, ukiwa kambini, ukiwa kwa familia iliyokupokea au ukiwa nyumbani kwako, tuma neno kwa redio iliyo karibu nawe, waseme tu kwamba mlifika. Yule msichana leo lazima amekuwa mkubwa. Ningependa kusikia jina lake.

Nawe shoferi unayesoma, siku barabara itakapojaa tena, angalia freni zako kabla ya kuondoka.