SEHEMU YA 6: Mpe au usimpe

Nimetoka zamu ya usiku asubuhi, nimelala mpaka saa nane mchana, chai nimeshakunywa. Kabla sijaanza kupika niandike hii, maana nikiingia jikoni ndiyo basi tena.

Niliahidi sehemu ya sita itakuwa ya maamuzi. Leo naanza na gemu. Ndiyo, gemu, ile ya kwenye televisheni. Najua mmezoea niwapeleke wodini moja kwa moja. Vumilieni kidogo, tutafika.

Nakaa na mtoto wa kaka yangu, yuko chuo mwaka wa pili. Likizo iliyopita alikuja na PlayStation 4 aliyoazima kwa mwenzake. Mimi gemu nilizokuwa nazijua ni za mpira, zile vijana wanazolipia kwenye vibanda vya mtaani. Hii aliyokuwa anacheza ilikuwa nyingine kabisa. Farasi, vijiji, vita, mazimwi, na watu wanaongea kama kwenye filamu. Inaitwa The Witcher 3: Wild Hunt. Imetengenezwa na kampuni ya Poland, CD Projekt Red, ikatoka mwaka 2015, na wahusika wake wametoka kwenye vitabu vya Mpolandi mwingine, Andrzej Sapkowski.

Mtu unayemchezesha anaitwa Geralt. Tangu utotoni mwili wake ulibadilishwa kwa dawa na sumu ili aweze kupambana na mazimwi. Ni kazi yake, kama fundi tu: anaitwa, anaua zimwi, analipwa, anapanda farasi anaondoka.

Jioni moja nakunja nguo, kijana akaniita. "Shangazi, njoo. Hili swali ni lako."

Nikaenda na shati mkononi.

Kwenye kibanda kuna mama wa mitishamba, Tomira. Kitandani amelala binti, Lena. Alikwenda msituni usiku, akashambuliwa na grifini, mnyama mwenye kichwa na mabawa ya tai na mwili wa simba. Tomira amefanya alichoweza, binti anakwisha. Geralt ana dawa anayotumia mwenyewe akijeruhiwa. Inaitwa Swallow, jina la ndege mbayuwayu. Yeye inamponya kwa sababu mwili wake umezoeshwa, na hata yeye akinywa nyingi, kuna alama kwenye skrini inayoonesha sumu inavyopanda. Kwa mtu wa kawaida inaweza kumwokoa, au inaweza kumuua kwa maumivu makali kuliko aliyonayo. Geralt anamwambia Tomira hayo yote wazi.

Halafu skrini inakusubiri. Mpe au usimpe.

Nikauliza, "Presha yake ngapi?" Kijana akacheka mpaka pedi ya gemu ikamdondoka. Nikaendelea kuuliza. Ndugu zake wako wapi? Mwenyewe hawezi kusema anataka nini?

"Shangazi, hakuna hayo mambo. Ni mpe au usimpe."

Nikasema mpe.

Na hapo ndipo gemu iliponishangaza. Hakuna kilichotokea. Hakuna sauti ya kusema umepata au umekosa. Geralt akatoka nje, hadithi ikaendelea kama vile hatukufanya kitu.

Siku kadhaa baadaye, kijana alishavuka kwenda eneo jingine kabisa ndani ya gemu, na mimi Lena nilishamsahau. Kwenye kambi ya jeshi lililovamia nchi ya kina Lena, askari mmoja akamsimamisha Geralt. Kumbe huyo ndiye aliyekuwa mpenzi wa Lena. Anasema Lena alipona. Yaani mwili ulipona. Akili haikurudi. Si yule Lena aliyemjua.

Kijana akasimamisha gemu, akanigeukia. "Shangazi, kwa hiyo tulikosea?"

Nikaenda jikoni, nikafungua bomba, nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Sasa twende wodini. Nimebadilisha vitu vichache ili mhusika asitambulike, lakini kilichotokea ni hiki.

Nilikuwa na mwaka mmoja kazini. Kituo kidogo, zamu ya usiku, mimi na tabibu mmoja na mhudumu. Kama saa saba usiku ikaja bodaboda, dereva mbele, katikati kijana, nyuma kaka yake kamshikilia. Kijana ana pumu. Imembana tangu mchana, nyumbani wakasema itaachia yenyewe. Midomo ilishabadilika rangi. Tunamshusha tu, pale pale mlangoni akaacha kupumua. Nikashika shingo, mapigo hakuna.

Tukamlaza sakafuni. Mara thelathini kifua, pumzi mbili. Mara thelathini, pumzi mbili. Waliowahi kufanya kazi hii wanajua: mikono inaisha nguvu, jasho linakudondokea machoni, na saa ya ukutani haiendi. Tulibadilishana. Sindano tuliyokuwa nayo ikatumika. Kuna wakati tabibu akasimama, akaangalia saa, akaniangalia mimi niliyekuwa juu ya kifua.

"Tuendelee?"

Alikuwa anauliza kweli. Alikuwa amechoka, na nadhani alitaka mtu wa kubeba jibu naye. Kaka wa kijana alikuwa amesimama pale pale mlangoni, kashika kofia ya dereva wa bodaboda. Hakuna aliyemuuliza kitu.

Nikasema, "Tuendelee."

Baada ya mizunguko kama mitatu hivi, mapigo yakarudi. Sijawahi kufurahi vile. Alfajiri akapelekwa rufaa akiwa na mapigo yake mwenyewe. Mimi nikarudi nyumbani nikampigia mama yangu simu, nikamwambia mama, leo nimerudisha mtu. Mama akashukuru Mungu kwa sauti mpaka majirani wakasikia.

Wanaonifuatilia wenye taaluma wameshajua ninakoelekea. Ubongo hauna subira. Ukikosa oksijeni, baada ya dakika kama nne hivi seli zake zinaanza kufa. Moyo unaweza kurudi, ubongo ukabaki nyuma.

Ilipita miezi nane. Niko sokoni nachagua nyanya, mwanamke mmoja akanishika mkono.

"Wewe si nesi wa kile kituo? Uliyempokea mwanangu usiku?"

"Shikamoo mama. Ndiyo, ni mimi. Anaendeleaje?"

Hakujibu marahaba. Alisema tu, "Twende ukamwone."

Nikamkuta kalala kwenye godoro chini. Macho wazi, yanafuata mwanga wa mlangoni. Haongei, hashiki kitu, uji analishwa kwa kijiko akiwa amelala chali, nusu unamkaba anakohoa. Nikamgeuza ubavu. Juu kidogo ya makalio, pale mfupa unapotokeza, kulikuwa na kidonda kinachoweza kuingia ngumi ya mtoto.

Nikamuuliza mama, "Unamgeuza mara ngapi?"

Akaniangalia kama nimemuuliza habari za mwezini. "Kumgeuza? Nilidhani nikimtingisha atapata maumivu."

Aliporuhusiwa hospitali alipewa karatasi na tarehe ya kliniki. Hakuna aliyekaa na huyu mama kumwonesha namna ya kumgeuza mtu asiyejiweza. Na mimi niliyekuwa na furaha yangu kwenye simu, sikuwahi kuuliza aliishia wapi.

Hayo ndiyo yaliyonirudia siku askari yule alipoongea kwenye televisheni.

Kijana wangu aliona kitu hakiko sawa. Baadaye usiku akaja na mpango wake. "Shangazi, hii kitu inasevu. Nikitaka narudi pale kwa Tomira, namnyima dawa, tunaona."

Nikamwambia ukimnyima anakufa. Akanyamaza.

Akanieleza kwamba hawa watengenezaji ndivyo walivyo, matokeo wanayaleta kwa kuchelewa makusudi. Ukiyaona papo hapo utarudi nyuma ubadilishe. Ukiyaona baada ya saa kumi za kucheza, kurudi unaona uvivu, inabidi uishi nayo. Akanipa mfano wa jini lililofungwa chini ya mti, kwenye kilima. Alilifungulia ili liwaokoe watoto yatima waliokuwa wataliwa na wachawi wa kinamasi. Watoto wakaokoka. Lakini kijiji jirani kikaangamizwa. Na mke wa bwana mkubwa mmoja wa pale, ambaye ndiye alikuwa anawalea wale watoto, wachawi wakamgeuza kiumbe cha kutisha kwa hasira, akafa, na mumewe akajinyonga. Kijana hakukubali. Akarudi nyuma mbali kabisa, akaliua lile jini. Safari hii mke akabaki hai bila akili zake, mume akaondoka naye kwenda kutafuta mganga, na watoto hawakuonekana tena.

"Nimetafuta njia ambayo wote wanapona," akasema. "Haipo."

Hapo gemu inasema kweli, na mimi nawaambia wanafunzi wa uuguzi wanaokuja kwetu mafunzoni: mara nyingi chaguo zuri halipo mezani. Ulichonacho ni ulichokiona usiku ule, mikono yako, na dawa iliyopo kwenye kabati. Mtu anayekuhukumu kwa kilichotokea miezi nane baadaye anakuhukumu kwa kitu ambacho wewe hukupewa uone. Mimi mwenyewe nilijihukumu hivyo kwa muda mrefu. Nilikuwa nikisema, ningekaa kimya tu pale tabibu alipouliza.

Lakini kuna kitu gemu haina, na kilinichukua siku kadhaa kukijua. Askari akishamaliza kuongea, Geralt anaondoka. Hakuna kitufe cha kwenda kumwona Lena. Hakuna pa kubonyeza ili umgeuze, umuoshe, umkalishe ale. Kwenye gemu matokeo ni habari unayoletewa, ukishaipokea imekwisha.

Kile kidonda nilichokiona hakikutoka kwenye jibu langu la usiku ule. Nataka mnielewe hapa. Nilisema "tuendelee", na kijana akapona bila ubongo wake wote, hilo ni la usiku ule. Kidonda kililetwa na miezi nane ya kutogeuzwa. Tunachanganya haya mawili. Tunabaki tunajiuliza kama tulikosea kumpa dawa, na wakati tunajiuliza mtu amelala ubavu mmoja.

Nilianza kwenda pale siku zangu za mapumziko. Si kila wiki, nisiwadanganye, kuna wiki nilishindwa na kuna wiki nilikwepa. Nikamfundisha mama, mama akamfundisha binti yake. Kidonda kilichukua miezi mitatu na zaidi kufunga. Kijana bado yupo. Hajasema neno. Akisikia redio ya mpira anageuza shingo.

Siku moja nikapata ujasiri, nikamuuliza mama kitu ambacho usiku ule hatukumuuliza mtu. Kama angekuwepo pale mlangoni, angesema tuendelee?

Alikuwa anakunja shuka. Akakunja mpaka mwisho.

"Mwanangu, kuna siku nakushukuru. Kuna siku nakulaumu. Na kuna siku yanakuja yote mawili kabla ya adhuhuri."

Sikuwa na la kumjibu. Nikashika upande wa pili wa shuka.

Kwa hiyo kijana wangu, najua unasoma hapa kimya kimya bila kuweka hata alama ya kupenda, hili ndilo jibu la swali lako. Ningempa. Ila kwanza ningemuuliza Tomira ni nani wa Lena yuko karibu tumwambie ukweli wote, hata wa kupona nusu. Na kabla ya kupanda farasi ningeuliza nyumbani kwao ni wapi.

Na wewe mwenye mgonjwa wa kitandani nyumbani, kabla hujafunga hii, chukua haya manne. Mgeuze kila baada ya saa mbili: kushoto, chali, kulia. Kila siku angalia visigino, nyonga na juu ya makalio. Ukiona wekundu au weusi usiotoka ukibonyeza, hapo kidonda kinaanza, usimlaze upande huo, muone muuguzi. Mlishe akiwa amekaa, umweke mito mgongoni, abaki hivyo nusu saa baada ya kula. Shuka iwe kavu na haina mikunjo.

Hakuna aliyezaliwa anajua haya. Kama hukuoneshwa, kosa si lako. Uliza.

Sehemu ya saba Ijumaa, panapo majaliwa. Nitawasimulia yule mzee aliyekataa kukatwa mguu, na kwa nini tulimwacha akatae. Ngoja nikaweke maharage jikoni, usiku naingia tena.