Tarakimu Ndani ya Neno

Mjukuu wangu alinionyesha jina la albamu: X 100pre. Nikadhani ni namba ya gari. Akacheka, akanifafanulia: katika maandishi ya simu ya Kihispania, x husomwa por, mia moja ni cien, nayo cien ikifuatwa na pre, sikio la Mpuerto Rico husikia siempre. Milele, basi.

Mwenye albamu ni Benito Antonio Martínez Ocasio, aitwaye Bad Bunny, mwimbaji wa regetoni. Alizaliwa mwaka 1994, akakulia Vega Baja, kisiwani Puerto Rico. Baba dereva wa lori, mama mwalimu. (Hapo kwa mama ndipo nilipotega sikio.) Utotoni aliimba kwaya kanisani. Baadaye, akiwa chuo kikuu, alifungasha bidhaa za wateja dukani huku akipandisha nyimbo zake mtandaoni. Mwaka 2016 wimbo mmoja, Diles, ukawafikia watayarishaji wa muziki. Albamu ile ya tarakimu ikatoka 2018. Mwaka 2020, El Último Tour del Mundo ikawa albamu ya kwanza ya Kihispania kitupu kuongoza chati kuu ya Billboard nchini Marekani. Hakuhamia Kiingereza. Wala Kihispania chake hakukitakasa: s ya mwisho wa silabi huimeza, r huigeuza l, kama wasemavyo kwao.

Mimi nilifundisha Kiswahili sekondari hadi nilipostaafu. Mwaka mmoja, kijana wa kidato cha tatu aliandika katika insha "xaxa" na "2taonana". Nilimsimamisha, nikaisoma insha kwa dhihaka, darasa likaangua kicheko. Kosa lilikuwa kosa. Mtihani wa taifa usingemsamehe, na hata leo ningelitia wino mwekundu. Lakini kijana yule alikuwa mtunzi. Kila Ijumaa aliniletea ubeti nimpimie mizani, na vina vyake vya kati vilitulia kuliko vyangu. Ijumaa ile hakuja. Wala iliyofuata. Nami, kwa kiburi cha ualimu, sikumwita.

Sasa naitazama ile 2 yake: tarakimu isomwayo kwa Kiingereza, ikavishwa kitenzi cha Kiswahili, na sikio likaridhika. Ni fumbo lilelile la cien. Nilikuwa nikifundisha mafumbo muhula huohuo.

Mjukuu ameniomba jina la kijana amtafute mtandaoni. Nimempa, pamoja na jina la baba yake. Hajampata bado.