Kibaba cha Kila Mmoja

Haba na haba hujaza kibaba. Methali hii niliifundisha miaka mingi kuwa ni sifa ya subira. Sikudhani kwamba siku moja kitakachojaa kitakuwa diski ya seva, na aliyeijaza nitakuwa mimi.

Wapenzi wanane wa ushairi tulikuwa tukihifadhi kazi zetu katika seva moja ya Linux, aliyotuandalia kijana niliyemsomesha zamani. Nafasi ilikuwa ya wote, bila mgawo. Nami nikawa napakia video za ngonjera za wanafunzi wangu, moja baada ya nyingine. Jioni moja mzee mwenzetu alifungua utenzi wake wa beti 120, aliomtungia marehemu mkewe, akasahihisha vina viwili, akahifadhi. Programu ikafuta yaliyokuwamo ili iandike upya. Diski, iliyojaa pomoni, haikuwa na pa kuandikia. Faili likabaki jina tu, ndani sifuri. Nakala nyingine haikuwapo.

Sikumficha. Alinitazama kitambo, akasema, "Mwalimu, ungejuaje?" Jibu hilo liliniuma kuliko lawama.

Nilimwomba kijana anifunze kuweka mgawo. Kumbe si kazi kubwa: kuuruhusu mgawo katika mfumo wa mafaili, kuhesabu kila mtumiaji ameshika nafasi kiasi gani, kisha kumwandikia kadiri yake kwa amri ya edquota. Kadiri zenyewe ni mbili. Ya kwanza huonya: mtumiaji aweza kuivuka, ila hupewa muhula, kwa kawaida siku 7, apunguze mizigo yake. Ya pili haivukiki. Muhula ukiisha, ile ya kwanza nayo hugeuka ukuta.

Kijana aliniuliza tuziiteje kwa Kiswahili. Nilipendekeza kadiri ya onyo na kadiri ya ukomo. Na mgawo wenyewe nikauita kibaba, kwani kibaba hakimnyimi mtu, humjulisha tu haki yake inapoishia na ya jirani inapoanzia. Sisi tunaopima mstari wa shairi kwa mizani 16 hatukupaswa kufunzwa hilo na mashine.

Kibaba cha kwanza nilichoweka ni changu. Mzee naye anautunga upya utenzi wake kwa kumbukumbu. Kila Jumamosi yeye husema, mimi huandika. Tumefika ubeti wa 83. Baadhi ya beti, asema, zimekataa kurudi.