Kabla ya Kumlaumu Katibu, Pima Memori

Leo tunaweka pembeni mapishi na mambo ya ngozi, tuzungumze kompyuta. Shoga yangu usikimbie! Hili limegusa heshima ya binti wa watu, na kesho linaweza kuja kwenye kikundi chako au duka lako.

Wengi mnajua kwamba tangu niolewe naishi Moshi, na kwa wakwe zangu ni huko juu upande wa Kibosho, kwenye migomba na mibuni. Wifi yangu ni mwanachama wa kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa. Huku hesabu za pamoja si jambo la jana. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walianzisha chama chao mwaka 1925, mwaka 1933 ikazaliwa KNCU, na Moshi mjini kuna chuo cha ushirika tangu 1963, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi. Mama wa huku hata kama hakusoma sana, daftari lake la hisa analijua mstari kwa mstari.

Kikundi kina sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa wanachama watatu tofauti, ili asiwepo wa kulifungua peke yake. Kila mwanachama ana daftari lake, kisha katibu anaingiza hesabu zote kwenye kompyuta ya mezani ya zamani waliyopewa. Katibu mwenyewe ni binti mdogo aliyemaliza kidato cha nne, mpole, mwenye mwandiko mzuri. Kompyuta ilikuwa na memori ya GB 2 tu, inakwenda kama kobe. Mwezi wa kumi na moja wakachanga, wakanunua vijiti viwili vya memori vilivyokwisha kutumika, GB 2 kila kimoja, kwenye duka moja la mjini. Vikapachikwa, mashine ikawa nyepesi, kila mtu akafurahi.

Siku ya tatu vituko vikaanza. Mara skrini ya buluu yenye maandishi meupe, mara mashine inajizima na kujiwasha, mara Excel inajifunga katikati ya kazi. Mwisho faili la hesabu likakataa kufunguka kabisa. Nakala pekee iliyofunguka ilikuwa ya wiki mbili nyuma, na jumla yake ilikuwa pungufu kuliko madaftari. Kuhesabu pesa za sandukuni peke yake hakukutosha, maana nyingi zilikuwa nje kwenye mikopo. Na hii ni Desemba, watu wanarudi nyumbani kutoka Dar na kwingineko kwa ajili ya Krismasi, mgao wa mwaka umekaribia. Mnajua maneno yanavyotembea. "Amefuta makusudi." "Pesa imeliwa, sasa kompyuta inasingiziwa." Binti akaacha kuja mkutanoni.

Wifi yangu akanifuata: "Wifi, wewe si ulifanya kazi steshenari kule kwenu? Njoo utazame." Ni kweli, kabla ya kuolewa nilikaa miaka minne kwenye duka la kuchapa na kutengeneza kompyuta Unguja. Nikakubali kwa sharti moja: kila nitakachofanya nifanye mbele ya viongozi, na binti akae pembeni yangu.

Kwanza tuelewane memori ni nini. Fikiria jiko lako. Diski ni kabati, vitu vinakaa humo hata umeme ukizima. Memori, au ramu kama wanavyoiita mafundi, ni meza ya kukatia vitunguu. Kila unachoandika kinakaa mezani kwanza, mpaka uhifadhi ndipo kinaingia kabatini. Meza ikiwa na mguu mbovu, chakula kitamwagika hata mpishi awe hodari vipi. Na kijiti kilichokufa kabisa ni afadhali, kwa sababu mashine haitaonyesha kitu, italia milio tu na kioo kitabaki cheusi, utajua kuna tatizo. Cha hatari ni kile kibovu nusu. Mashine inawaka vizuri, inakuchekea, huku inaharibu kazi kimya kimya.

Jambo la kwanza tulilofanya ni kunakili mafaili yote, hata lile lililogoma, kwenye flashi. Kisha tukazima, tukachomoa waya ukutani, tukabonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki ndani uishe. Baridi ya huku watu wanavaa sweta za sufu, na sufu huzalisha umeme mdogo usiouona lakini unaoweza kuua memori. Kwa hiyo vua sweta, gusa kwanza chuma cha boksi la kompyuta, na ushike kijiti kwa kingo zake.

Pili, tukasoma lebo. Memori si mkate kwamba wowote unaliwa. DDR2, DDR3 na DDR4 haziingiliani, na kila moja ina pengo lake mahali tofauti. Ikigoma kuingia usiisukume kwa nguvu. Hizi zote zilikuwa DDR3, sawa na mashine. Mbili mpya zilikuwa na kasi kubwa kuliko ya zamani, lakini hilo kwa kawaida si kosa, zote hufuata mwendo wa iliyo polepole.

Tatu, tukazitoa, tukafuta vumbi kwenye tundu zake, tukasugua taratibu meno ya dhahabu kwa raba ya penseli, tukapangusa, tukarudisha mpaka vishikizo vya pembeni vikalia "tak". Memori nyingi zinazosumbua baada ya kufungwa zinapona hapa hapa, maana hazikukaa sawasawa. Yetu haikupona.

Ndipo tukaingia kwenye kazi yenyewe: kujaribu kijiti kimoja kimoja. Bibi mmoja aliyekuwa akitutazama akasema neno ambalo sitalisahau. "Maji yasipofika kihambani kwako, humgombezi jirani kwanza. Unapanda na mfongo mpaka uone palipoziba." Mifongo ni ile mifereji ya asili ya Wachaga inayoteremsha maji ya mlimani mpaka mashambani. Basi tukapanda na mfongo wetu.

Nilikuwa na flashi yenye MemTest86, programu ya kupima memori inayojiwasha yenyewe kabla ya Windows. Inachukua saa nyingi, kwa hiyo tuliiacha usiku kucha. Usiku wa kwanza kijiti cha zamani peke yake: hakuna kosa. Usiku wa pili kijiti kipya cha kwanza, kwenye tundu lile lile: hakuna kosa. Usiku wa tatu tukaweka cha pili, na hata chai haijapoa mistari myekundu ikajaa kwenye kioo. Tukakihamishia tundu jingine, mistari ikaja tena. Hilo ndilo swali la kujiuliza siku zote: kosa linafuata kijiti au linafuata tundu? Likifuata tundu, ubovu uko kwenye bodi ya mashine. Letu lilifuata kijiti.

Tulipiga picha ya kioo, duka wakabadilisha, na kilichokuja nacho tukakipima kabla ya kukiamini. Halafu wakaniuliza kwa nini Windows yao haitumii GB 6 zote. Hiyo si hitilafu. Windows yao ni ya biti 32, haivuki GB 4 hata uongeze vipi.

Kisha akina mama watatu wakasoma madaftari kwa sauti na binti akaingiza upya zile wiki mbili. Madaftari, mikopo na sanduku vikakubaliana hadi shilingi ya mwisho. Mama aliyesema maneno makali zaidi alikwenda kwa kina binti ameshika jani la isale. Kwa Wachaga hilo ndilo jani la kuomba msamaha, na aliyeletewa haifai kulikataa. Binti alilipokea, na mkutano uliofuata alikuwa mezani kwake.

Wapenzi, dini yetu imetufundisha kuhakikisha habari kabla ya kumhukumu mtu, na mimi naona hata mashine inatufundisha hivyo. Kupima kulichukua siku tatu. Jina la binti lingeharibika, lingechukua miaka kulisafisha. Kwa hiyo mkinunua memori iliyotumika, dai ruhusa ya kuirudisha. Ipimeni usiku mzima kabla ya kuipa kazi. Hesabu za kikundi ziwe na nakala mbili, na moja isikae kwenye mashine ile ile. Na madaftari ya karatasi msiyatupe, yametuokoa.

Tuonane wiki ijayo inshallah, na nitarudi jikoni.