Gia Laini Ndiyo Inaua Giaboksi

Wacha niseme kitu ambacho kitaudhi watu wachache: si kila giaboksi ya otomatiki inayotolewa kwenye pikapu ya zamani huwa imekufa. Zingine zilikuwa zinataka spana moja, tochi ya simu na fundi mwenye subira. Lakini kwa sababu otomatiki inatutisha, fundi akisema "hii imeenda", sisi tunaanza kutafuta pesa. Hatuulizi imeenda wapi.

Naongea hivyo kwa sababu pikapu ndiyo ilinilipia karo. Mathe hununua nyanya na vitunguu upande wa Naivasha, mjomba anaendesha, wanapanda eskapmenti ya Mai Mahiu usiku ndio wafike Marikiti kabla jua halijatoka. Pikapu yenyewe ni ya zamani, ya Kijapani, injini ya kabureta, otomatiki ya gia nne. Watu wamemcheka mjomba miaka yote. Ati otomatiki ni ya wavivu, ati gari ya kazi lazima iwe na klachi ya mguu. Yeye hujibu tu kwamba goti lake halijawahi kumlilia kwenye jam ya Waiyaki Way.

Halafu mwaka fulani kabureta ikapelekwa kusafishwa. Pikapu ikarudi ikiwa na gia laini ajabu. Laini kabisa, unasikia kama unateleza kwa siagi. Mjomba akafurahi. Hata mimi nilipanda nikasema sasa hii ni gari.

Lakini ukiangalia vizuri, kuna kitu hakikuwa sawa. Gari haijafika hata kilomita 40 kwa saa na tayari iko gia ya nne, injini inanung'unika chini chini kama mtu amebebeshwa gunia akiwa bado usingizini. Ukiipakia mzigo, mlimani inaanza maajabu: injini inapiga kelele, gari haiendi. Wiki chache baadaye mafuta ya giaboksi yalikuwa yamegeuka rangi, yananuka kama ugali ulioungua. Fundi wa kwanza hakuinama hata chini ya gari. "Giaboksi imeenda. Tafuta ingine." Bei aliyotaja ilizidi karo ya muhula mzima ya mdogo wangu, na mathe akaanza kuuliza majirani nani ananunua pikapu.

Sasa skiza, kwa sababu hapa ndipo pesa za watu hupotelea.

Otomatiki ya zamani haina kompyuta. Inaamua kubadilisha gia kwa kutumia mafuta yanayosukumana. Fikiria matatu. Kuna konda anayegonga mwili wa gari: twende, twende! Kuna mama mwenye mzigo mlangoni: ngoja kwanza! Dereva anamsikiza mwenye sauti kubwa zaidi. Kwa giaboksi, konda ni kifaa kinachoitwa gavana. Kinazunguka na shafti inayoenda kwa magurudumu, na kadiri gari inavyoongeza mwendo, ndivyo kinavyoongeza presha ya mafuta upande mmoja wa valvu. Presha hiyo inasema: panda gia.

Mama mwenye mzigo naye ni kebo nyembamba inayotoka kwa kabureta hadi ndani ya giaboksi. Ukikanyaga mafuta, kebo inavutwa, nayo inaongeza presha upande ule mwingine wa valvu. Hiyo inasema: ngoja, kuna kazi hapa, usipande bado. Ndio maana ukikanyaga kidogo gia zinapanda mapema, na ukikanyaga yote zinachelewa. Ukiwa unaovateki na ukazamisha mguu ghafla, gari inashuka gia yenyewe. Si uchawi. Ni kebo imepiga kelele kumshinda gavana.

Kwa hivyo kebo ikilegea, giaboksi inadhani umekanyaga kidogo hata kama umekanyaga hadi sakafuni. Inapanda gia mapema, tena kwa ulaini. Ikikazwa kupita kiasi, inadhani una haraka kila wakati: gia zinachelewa, zinaingia kwa kishindo, mafuta ya petroli yanaisha ovyo.

Ungedhani basi afadhali ilegee, si angalau ni laini? La. Kwenye giaboksi nyingi za aina hii, kebo hiyo hiyo ndiyo inapanga nguvu ya mafuta yanayobana klachi za ndani. Ndiyo, otomatiki ina klachi, ni vile tu huzikanyagi wewe. Kebo ikilegea, presha inashuka, klachi hazibanwi sawasawa, zinateleza. Zikiteleza zinapata joto. Zikipata joto zinaungua, na mafuta yanapata ile harufu. Kwa hivyo ule ulaini tuliokuwa tunausifu ulikuwa klachi zikisagika pole pole. Kishindo cha gia kinakusumbua masikio. Ulaini wa bandia unakumaliza kimya kimya.

Mtu aliyetuonyesha hayo ni mzee mmoja wa jua kali, wale wazee ambao hawana hata bango la kazi. Mathe alimwendea tu ndio apate maoni ya pili kabla ya kuuza. Mzee hakugusa giaboksi. Aliuliza swali moja: "Mama, hii gari ilifanyiwa nini kabla ianze hii tabia?" Mathe akamwambia habari ya kabureta. Mzee akafungua boneti, akaniita. "Kijana, kuja umulike hapa. Mjomba wako akanyage mafuta hadi mwisho, injini ikiwa imezimwa."

Kwenye gari nyingi za Toyota za zamani zenye kebo hii, ganda la kebo linaishia kwa kijipira, na kwenye waya wa ndani kuna kifungo kidogo cha chuma kimebanwa. Injini ikiwa ya kabureta, ukikanyaga hadi mwisho, kile kifungo kinafaa kutoka na kusimama pale pale mdomoni mwa mpira. Tofauti isizidi milimita 1. Yetu ilikuwa na mpangilio kama huo, na kifungo hakikutokea kabisa. Kilikuwa bado kimejificha ndani. Aliyerudisha kabureta alikuwa ameacha nati zikiwa zimerudi nyuma, na hakuna aliyeangalia tena.

Mzee alilegeza nati mbili, akasogeza ganda la kebo, akapima, akakaza. Lakini kitu kilichonifurahisha ni mambo aliyoyafanya kabla ya kugusa hizo nati, na ukitaka kujifunza kitu leo, jifunze huo mpangilio.

Kwanza alihakikisha pedali ikikanyagwa yote, kabureta nayo inafunguka yote. Kama haifunguki, utakuwa unapima uongo. Pili aliangalia mafuta ya giaboksi: kiasi, rangi, harufu, na kama kuna vipande vya chuma. Yalikuwa yameungua lakini hayakuwa na chuma, kwa hivyo akayamwaga, akabadilisha filta, akaweka aina ile ile inayotakiwa na giaboksi hiyo. Tatu aliweka alama ya rangi mahali nati zilikuwa, ndio mambo yakiharibika arudi alipoanzia. Halafu baada ya kurekebisha, alimpeleka mjomba barabarani, mara ya kwanza bila mzigo, mara ya pili na magunia. Aliporudi aliongeza kidogo sana, hata mzunguko mzima wa nati haukufika.

Alituambia pia ukweli ambao fundi wa haraka hawezi kukuambia. Kama klachi zingekuwa zimeisha, kebo isingezifufua. Na usijaribu kuikaza zaidi ya kipimo ndio ufiche utelezi, hapo unamdanganya anayenunua gari au unajidanganya mwenyewe. Njia ya uhakika kabisa ni kufunga geji ya presha kwenye giaboksi na kusoma namba. Macho na milimita ni mwanzo.

Sasa usikimbie kwenda kuvuta kila waya unaoona kwa boneti. Giaboksi hazifanani. Kuna Toyota ambazo kebo yake hupimwa mguu ukiwa nje ya pedali, si ndani, kwa hivyo kitabu cha gari yako ndicho mkubwa. Kuna za zamani ambazo hazina kebo kabisa. Zinatumia paipu ndogo ya mpira inayosoma uvutaji wa hewa wa injini. Hiyo paipu ikipasuka, giaboksi inadhani umekanyaga mafuta kabisa, gia zinachelewa na kugonga. Paipu hiyo inauzwa bei ya chipo na soda, lakini kuna mtu ametoa giaboksi mzima kwa ajili yake.

Halafu kuna zile zilizokuja baadaye zenye kompyuta. Hapo saa ya kubadilisha gia inaamuliwa na sensa ya kabureta au ya mlango wa hewa, sensa ya mwendo, na valvu ndogo za umeme. Zingine bado zina kebo, lakini kazi yake ni presha tu. Ukiivuta utabadilisha ukali wa gia, si wakati wake. Ukiona kitufe kimeandikwa PWR, hicho ndicho marekebisho yako ya bure: ukikibonyeza, kompyuta inachelewesha kupanda gia. Na kile cha O/D kikiwa OFF, giaboksi haitaingia gia ya juu kabisa. Ukiwa na mzigo mlimani na gari inahangaika, inapanda ya nne, inashuka ya tatu, inapanda tena, zima O/D. Kule kuhangaika ndiko kunapasha mafuta joto. Ukifika tambarare, iwashe.

Tena kuna vitu viwili vya hapa kwetu ambavyo hatuvihesabu. Cha kwanza ni urefu wa nchi. Injini isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda kutoka baharini. Nairobi iko karibu mita 1,800, Limuru imepita 2,000. Gari ikishuka Mombasa inapata pumzi nyingine kabisa. Kwa hivyo pikapu inayofanya kazi huku juu inakanyagwa zaidi kuliko wenzake wa Pwani, na kebo iliyolegea kidogo itaonyesha ubaya wake haraka zaidi.

Cha pili ni tairi, na hapa naongea na nyinyi wasee wa kuinua magari. Gavana hajui barabara. Anahesabu tu shafti ikizunguka. Ukiweka tairi kubwa, kila mzunguko unakupeleka mbali zaidi, kwa hivyo gia itabadilika ukiwa kwa mwendo wa juu kuliko ule uliopangwa kiwandani, na injini inasukuma mzigo mzito zaidi. Spidomita nayo itakudanganya, inasoma chini ya mwendo wako halisi. Utaambia polisi ulikuwa 80 na mashine yake inasema vingine. Picha za gari zitapendeza, sawa. Lakini jua umebadilisha saa za gia bila kushika spana.

Sijaandika haya ndio uwe fundi kesho. Naandika kwa sababu wengi wetu tuko kwenye umri wa kuitwa nyumbani: "Wewe umesoma, kuja uongee na huyu fundi." Mzazi anakutegemea usimame hapo, na wewe unajua tu kuweka muziki kwa redio ya gari. Gari ya kazi ikisimama, si gari peke yake imesimama. Ni karo, ni kodi ya nyumba, ni chama cha mathe. Watu wameuza kitu kilichowalisha miaka 10 kwa sababu hakuna mtu aliyeuliza swali la pili.

Kwa hivyo ukisikia "giaboksi imeenda", uliza kwa heshima maswali matatu. Nini kiliguswa kwa gari hii kabla ya shida kuanza? Umeangalia mafuta yake, yana rangi gani na harufu gani? Na kebo, au paipu, au sensa inayoiambia giaboksi nimekanyaga kiasi gani, umeipima? Fundi mzuri hatakasirika. Atafurahi, tena pengine atakuita umulike. Ukiona amekasirika kabla hata hujamaliza swali la pili, chukua funguo zako, sema asante, na muende kwa mwingine.