Kwenye kiti cha anayesoma

Katika usaili wa tamthilia hapa Dar es Salaam, mara nyingi napewa kazi isiyoonekana kwenye picha: nakaa kando ya kamera na kumsomea mwigizaji maneno ya mhusika anayezungumza naye. Mimi pia ni mwigizaji, lakini ni kiti hicho kilichonionyesha nani anapata nafasi na kwa nini. Anayepata ni yule anayenisikiliza.

Wengi huja wamekariri barabara. Hasira wameipanga tangu nyumbani, na wanajua machozi yatatoka wapi. Nikianza kusoma, wao wanangoja tu nimalize. Kamera ikiwa karibu na uso, kule kungoja kunaonekana: macho yamesimama, midomo imeshajiandaa. Mwongozaji ameshaamua kabla hawajatamka lolote.

Kwa usaili wa jukwaani napenda sehemu ya mwisho ya Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyochapishwa 1969. Kitunda anamsihi rafiki yake Kinjeketile aseme kwamba maji ya kuwakinga wapiganaji na risasi yalikuwa uongo, naye anakataa. Vijana wanaoomba nafasi ya Kinjeketile hupandisha sauti tangu mwanzo, kana kwamba wanahutubia mkutano. Hawamsikii Kitunda. Anayemsihi si adui, ni mtu anayempenda, na kumkatalia mtu wa namna hiyo kunauma. Ukimsikia, kukataa kwako kunapata uzito ambao kelele haiwezi kuuleta.

Siku moja binti mmoja alikuwa akisailiwa kwa nafasi ya mke anayemhoji mumewe. Nilikwama katikati ya sentensi kwa sababu kurasa zilishikana. Hakuniangalia kama msomaji aliyekosea. Alisogea kidogo, akaniangalia kwa hofu, kama mke aliyehisi anafichwa jambo, na sentensi yake iliyofuata, ambayo wenzake wote waliifoka, ikatoka taratibu. Chumba kizima kilitulia. Aliitwa tena.

Huo ndio uwezo ambao Sanford Meisner, aliyeanza kufundisha Neighborhood Playhouse mjini New York mwaka 1935, aliujenga kwa zoezi la kurudia: wawili wanatazamana, mmoja anataja anachokiona kwa mwenzake, mwingine anayarudia maneno yale yale, na yanaendelea hivyo mpaka sauti yenyewe ibadilike kwa sababu ya mtu aliye mbele. Linafanyika popote, halihitaji hata muswada.

Kuna usikivu mwingine unaosahaulika. Mwongozaji akisema, “Rudia, ila safari hii bado unampenda,” wengi huitikia “sawa” kisha hurudia kile kile. Hapo hatafuti igizo bora zaidi. Anataka kujua kama mtaweza kufanya kazi pamoja. Kama hujamwelewa, muulize. Sijawahi kuona mtu akikosa nafasi kwa kuuliza.

Na ukikariri nyumbani, kariri maneno ya mwenzako pia.