Kutoka Amsterdam Hadi Tendaguru

Mjukuu wetu, bibi yake humwita "mume wangu", naye kijana, pamoja na miaka yake 15 na sauti iliyoanza kukwaruza, bado huitika, "Naam, mke wangu." Mimi nimeshazoea kuwa mtu wa tatu. Siku bibi alipotangaza sebuleni kwamba likizo hii anampeleka mumewe Ulaya, niliulizwa swali moja tu: korosho za msimu huu zimeingiza kiasi gani?

Mdogo wangu anaishi Köln, Ujerumani, akatuandikia barua ya mwaliko. Kwa kuwa mtoto alikuwa anasafiri bila wazazi, waliohusika na visa walitaka pia idhini ya baba na mama, iliyosainiwa mbele ya wakili. Karatasi ile niliilinda kuliko pesa. Bibi yeye alilinda begi lake: kanga, dawa za presha, na kilo tano za korosho za Lindi.

Tuliposhuka Amsterdam ndipo tulipobaini nani anampeleka nani. Ramani iko kwenye simu ya kijana, Kiingereza kiko mdomoni mwake, na sisi wazee tunafuata nyuma. Bibi aliingia njia ya baiskeli bila kujua, akakoswakoswa.

"Kwani hawa hawana kengele?"

"Wanazo, bibi. Wamekupigia mara tatu."

Siku ya pili, mawe yaliyotandikwa kando ya mifereji yaling'oa gurudumu la begi lake.

Treni ya kwenda Köln ilichukua chini ya saa tatu. Ukitoka tu stesheni, kanisa kuu limekusimamia usoni, minara yake miwili ikipanda mita 157. Lilianza kujengwa mwaka 1248, likakamilika 1880. Ngazi za mnara ni 533. Mimi nilifika kwenye kengele kubwa ya tani 24 nikashika ukuta na kumwambia kijana atangulie. Bibi alibaki chini kwenye benchi, akatumiwa picha ya jiji kwa simu. "Nimepanda," akasema, akarudi kumenya chungwa.

Kilichomshangaza bibi zaidi ni choo cha stesheni: euro moja kuingia. Kijana alimpatia dawa. Ujerumani, ukinunua kinywaji cha chupa ya plastiki unalipia na chupa yenyewe senti 25. Ukiirudisha dukani, mashine inaimeza na kukutolea risiti ya kuchukulia pesa yako. Tangu hapo hakuna chupa yetu iliyotupwa. "Chupa nne, choo kimoja," alimhesabia bibi yake, akimtilia sarafu kiganjani kama mume anayeacha pesa ya matumizi.

Kwa siku sita yeye ndiye alikuwa mwalimu wetu. Ya saba tukawa Berlin, kwenye jumba la makumbusho ya viumbe na mazingira. Ukumbi wa kwanza tu, ana kwa ana na mifupa ya dinosaria mwenye shingo ndefu kama mnazi, kimo chake mita 13.27. Kijana alianza kutusomea kibao, akafika kwenye neno moja akajikwaa.

"Tendaguru," bibi akamalizia, bila kukitazama kibao. "Kwetu huko."

"Ni wapi, bibi?"

Mjukuu wetu ni mzaliwa wa Dar es Salaam. Lindi anaijua kwa misiba na harusi. Nikaketi naye. Nikamwambia kwamba mnyama yule alikufa miaka milioni 150 hivi iliyopita, akafukuliwa katika kilima cha Tendaguru kati ya 1909 na 1913, wakati Wajerumani wakitutawala, vita vya Maji Maji na njaa yake vikiwa ndiyo kwanza vimepita kusini. Wataalamu walitoka Berlin, lakini waliochimba ni watu wa kwetu, na msimamizi wao alikuwa Boheti bin Amrani. Mifupa ikabebwa na wapagazi, mwendo wa siku nne hivi hadi bandari ya Lindi. Kwa jumla, mizigo iliyopakiwa melini ilizidi tani 200.

"Walibebea nini?"

"Kichwa."

Akautazama mfupa wa paja, akanyamaza. Kwa mara ya kwanza katika safari nzima simu ilibaki mfukoni.

Jioni ile, stesheni tuliyoshukia, ngazi za umeme zilikuwa zimekufa. Begi la gurudumu moja halikokoteki. Bibi hakusema kitu. Alitoa kanga, akaisokota, akaizungusha ngata, akamwekea kijana utosini. Tukamtwisha. Watu walipita wakitutazama. Alipanda ngazi kumi na tano, shingo ikaanza kutetemeka, mikono yote miwili ikalidaka begi. Akasimama.

"Siku nne?" akaniuliza, bila kugeuza kichwa.

"Nne. Na hili lina nguo na korosho tu."

Nikanyoosha mkono nimpokee. Akatikisa kidole kukataa, akapandisha mguu ngazi inayofuata.

"Taratibu, mume wangu," bibi akasema nyuma yetu.

"Naam, mke wangu."